Maji ya Michembe Yanakwenda Wapi?

Viazi vitamu vikikomaa, hapa kijijini Samuye hakuna mwanamke anayekaa bure. Wanamenya, wanakata vipande vyembamba, wanavianika juu ya miamba. Vikikauka ndiyo michembe. Ichemshe, ule na karanga, halafu uniambie kama utakumbuka wali.

Mwaka huo jirani yangu Martina alivuna viazi vingi. Binti yake Violeth naye alirudi kutoka chuo cha ualimu, kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule yetu. Mimi, Mwalimu Sesilia, nikapewa kazi ya kumwongoza.

Martina alifurahi, lakini Violeth hakuwa na raha. Mkufunzi wake, Bwana Donatus, alikwishakuja kumwona akifundisha sayansi, na hakuridhika. Angerudi Alhamisi. Violeth akishindwa tena, angerudia mwaka.

Jumatatu aliingia darasa la nne kufundisha uvukizaji, yaani maji kugeuka mvuke na kwenda hewani. Aliandika maana yake ubaoni kwa mwandiko mzuri sana. Watoto wakaisoma kwa sauti mpaka mabati yakaitikia. Violeth akanitazama kwa furaha. Nikaomba niulize swali moja tu.

Nilimuuliza Rebeka, mtoto asiyemwogopa mtu, maji ya viazi huenda wapi mama yake akianika michembe.

"Jiwe linayanywa," akasema.

Darasa zima likakubali. Na uvukizaji ulikuwa pale pale ubaoni, umepigiwa mstari! Masikini Violeth. Alitaka kuwaambia wamekosea, nikamwomba asubiri. Kipindi kilipokwisha tukakaa nje kivulini.

"Ukiwaambia hapana, watakubali kwa mdomo," nikamwambia. "Jioni watamwona mama anaanika juu ya jiwe, na jiwe litakushinda. Usiwape jibu. Waulize watajuaje."

Alirudi nyumbani amenuna. Alipomsimulia mama yake jibu la Rebeka, Martina aliacha kumenya. Akauliza, kwa dhati kabisa, kwani jiwe halinywi? Violeth alicheka mpaka akakaa chini. Martina naye akacheka, akampa beseni la viazi aende nalo shuleni. Sharti lake lilikuwa moja: jibu likipatikana, na yeye aambiwe.

Jumanne Violeth hakushika chaki. Aliwauliza watoto: kama jiwe ndilo linalokunywa maji, tutajuaje? Wakatafuta jibu ubaoni, ubao mtupu. Mimi mwenyewe nilianza kuona aibu kwa niaba yake. Ndipo Luka, mtoto mpole wa dawati la nyuma, akasema vingine vianikwe pasipo na jiwe.

Basi kazi ikaanza. Vipande vingine wakavianika juu ya mwamba nyuma ya shule. Vingine wakavitunga kwenye uzi, wakaufunga kati ya miti miwili, juani, mbali na jiwe. Violeth akaongeza vya tatu ndani ya chupa pana inayoonyesha ndani, akaifunga mfuniko, akaiweka juani pia. Kila mtoto akasema anachotarajia. Karibu wote walisema vya kwenye uzi vitabaki vibichi. Wakapeana zamu ya kufukuza mbuzi, na bado mbuzi mmoja alipita na vipande kadhaa vya kwenye mwamba.

Alhamisi Bwana Donatus akafika. Watoto wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama pembeni bila tabasamu. Violeth akawatoa watoto nje, akawaambia washike, wavunje, wanuse.

Vya kwenye mwamba vilikauka. Rebeka akashika cha kwenye uzi, akakikunja. Kikavunjika, ka! Akakitazama kama kimemdanganya. Kisha akainua chupa. Vipande vya ndani vilikuwa vibichi, na chini ya mfuniko kulikuwa na matone ya maji.

"Uzi haunywi maji," akasema polepole. "Yalitoka yakaenda hewani. Na haya ya chupa yalitaka kutoka, mfuniko ukayazuia."

Hapo ndipo Violeth alipowaambia kwamba kitendo hicho ndicho uvukizaji. Nawaambia kweli, nilifurahi nikataka kupiga vigelegele.

Bwana Donatus akainama kwa Rebeka. Akamuuliza, "Hayo umeambiwa na mwalimu wako?"

"Hapana," akasema Rebeka. "Mwalimu hakutuambia kitu. Tumeona wenyewe."

Violeth akafumba macho. Alidhani ameshaanguka. Lakini Bwana Donatus alicheka, akampa mkono mbele ya watoto wote, akasema, "Umefaulu, mwalimu."

Martina naye alipata jibu lake. Wiki hiyo hiyo alijenga chanja ya miti, akahamishia michembe yake huko. Hewa inapita juu na chini, vumbi ni kidogo, na mbuzi hafiki. Majirani walipomcheka kwa kuliacha jiwe, aliwaonjesha michembe misafi isiyo na mchanga. Sasa chanja zipo kwa wengi, hata kwangu.

Ijumaa hiyo, siku moja baada ya Bwana Donatus kuja, Rebeka alimfuata Violeth mlangoni mwa darasa, amekunja uso.

"Mwalimu, kama maji yanakwenda hewani, na hewa ipo kote, mbona michembe ya juani inakauka haraka kuliko ya kivulini?"

Violeth alifungua mdomo kujibu. Kisha akaufunga, akatabasamu.

"Tutajuaje?" akamuuliza.

Rebeka alikuwa ameshakimbia kutafuta uzi.