Pipa la Buluu la Mama Hortense

Kila asubuhi kabla ya shule, Sephora alimsaidia mama yake, Hortense, kukoroga munkoyo, kinywaji cha mahindi ambacho wanafunzi wa mtaa wa Panda walikipenda sana. Jumatatu moja alikuta munkoyo umetiwa katika pipa jipya la buluu. Mama alikuwa amelinunua kwa Didier, mchuuzi wa Kamatanda.

Sephora aliinama, akanusa. Harufu kali ikamchoma pua.

"Mama, pipa hili lilikuwa na nini?"

"Sabuni. Didier mwenyewe alisema."

Lakini kama ni sabuni, kwa nini karatasi ya ubavuni ilikwanguliwa kwa kisu? Maneno mawili tu ya Kiingereza ndiyo yaliyosalia: *endanger health*. Akayaandika kiganjani, akaenda shule.

Mwalimu Symphorien aliyasoma. "*Endanger* ni kuhatarisha. Neno hili halisimami peke yake, lazima useme nani au nini kinatiwa hatarini. Hapa ni afya. Umeyaona wapi?"

Sephora akasita. Akisema, wateja watamkimbia mama. Akinyamaza, wenzake watakunywa saa ya mapumziko. Akasema.

Mwalimu hakungoja kengele, akatoka na Sephora. Walimkuta mama langoni mwa shule, alikouzia munkoyo, kata mkononi, na mtoto wa jirani, Merdi, amekwisha kunyoosha kikombe.

"Usimmiminie kwanza, Mama," alisema mwalimu.

Mama akamkazia Sephora macho. "Mutoto wangu, umeenda kunishitaki?"

"Hapana, Mama. Miye naogopa lile pipa. Karatasi yake inasema ni hatari kwa afya."

Mama alitoa simu akampigia Didier mbele yao. Alimwuliza pipa lilikuwa na nini, akamwuliza tena.

"Kweli sijui lilikuwa na nini," Didier akakiri mwishowe. "Nililiokota wanakosafishia madini kwa kemikali. Karatasi niliikwangua mimi."

Mama akafunika pipa. Hakuna aliyeonja munkoyo siku hiyo, na wanafunzi wakarudi darasani wakinung'unika. Kesho yake Mama alipika mwingine katika sufuria yake ya zamani, akawaeleza wateja yote yaliyotokea bila kuficha. Wachache walikwenda zao. Wengi walinunua.

Jioni hiyo alimketisha Sephora karibu naye.

"Jana nilikukasirikia, mwanangu, nikadhani umeniaibisha. Kumbe mimi niliamini neno la muuzaji, pua yangu mwenyewe nikaipuuza. Ukiona jambo lina shaka, uliza, hata kama anayeulizwa ni mama yako. Aibu inapita. Mtoto wa mtu akiisha kunywa sumu, hatuwezi kumrudishia uzima wake."