Kamba ya Ilagala

Mambo haya yalimpata Bibiana wa Katubuka, na majirani waliomwona siku zile bado wapo. Alikuwa mshonaji, mjane, na tangu binti yake Wema aolewe Kasulu, nyumba ilibaki na yeye, cherehani yake na mbwa wa rangi ya kutu aliyeitwa Chuma.

Chuma hakuwa mbaya, ila adabu hakuwa nayo. Akiona geti wazi, ametoka. Mara ya mwisho aliingia uani kwa jirani, Mwanvua, akala dagaa walioanikwa na kuwakanyaga aliowaacha. Mwanvua hakupiga kelele. Alikuja akaketi barazani, akaeleza taratibu kwamba dagaa waliolambwa na mbwa yeye hawali wala hamuuzii mtu, na kwamba wapangaji wenzake wameshafika kwa mjumbe.

"Mfundishe, Mama Wema," alisema. "Au mtafutie mke Kasulu, naye ahame kama dada yake."

Walicheka. Mjumbe hakucheka. Mbwa atembee na kamba, alisema, au aondoke mtaani. Bibiana alirudi ndani akamtazama Chuma, kiumbe pekee aliyekuwa akimngoja mlangoni, akajua hatamwacha aende.

Wiki hiyo alipeleka sare za kwaya Ilagala. Akingoja gari la kurudi, alitembea hadi mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inakofikia, na hapo aliona kamba ya bluu imefungwa kwenye kigingi, upande wa pili umezama majini. Kamba laini, nzima, isiyo na fundo. Alimwamkia bibi mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa mchangani, akamuuliza ni ya nani.

"Ina mwenyewe," bibi alijibu bila kuinua kichwa.

Bibiana alingoja. Hakuna mtumbwi uliokuja. Alipoivuta, ilitoka majini bila uzito wowote, kama kitu kilichoachiwa. Nani angeiacha? Aliikunja, akaitia kwenye mfuko.

Namna ya kufundisha aliiona kwenye simu ya Mwanvua. Mbwa akivuta, simama. Usimpige, usimgombeze, simama tu. Kamba ikilegea, endelea, na mpe kitu kidogo. Bibiana alijaza dagaa wakavu kwenye mfuko wa aproni, na kila alasiri wakawa wanateremka njia ya ziwani hadi kwenye kioski cha mkaa, kisha wanarudi. Chuma alielewa upesi. Alitembea ubavuni pake, akila dagaa wake, akiinua macho kumtazama usoni kungoja sifa. Mjumbe alipowaona alitikisa kichwa, akasema huyu sasa amekuwa mtu.

Halafu, alasiri moja, walipofika kioskini, Chuma alirudi nyuma na kujibana kwenye miguu yake.

Bibiana aligeuka aende nyumbani. Mkono ukabaki.

Kamba ilikuwa imekaza. Ilitoka kiganjani mwake ikaenda upande wa ziwani, ikasimama hewani, kisha ikarudi hadi shingoni mwa Chuma, kana kwamba kuna aliyeishika katikati. Haikumvuta. Ilisimama tu. Alijaribu tena. Ilisimama. Akapiga hatua moja kuelekea ziwani, ikalegea.

Alipotia mkono kwenye mfuko wa aproni, kati ya dagaa wakavu aligusa mmoja mbichi. Alikuwa wa baridi.

Kesho yake hakutoka. Kamba aliitundika msumarini nyuma ya mlango. Alasiri ilipofika, Chuma alianguka sakafuni, ulimi nje, akikoroma kama anayenyongwa, na shingoni hana kitu. Bibiana alifungua geti. Mbwa akavuta pumzi. Akalifunga. Mbwa akaanza kukoroma tena.

Basi wakatoka. Wakatoka na siku iliyofuata, mbali kidogo kupita kioski, halafu mbali zaidi. Aliikata kamba kwa mkasi wa kushonea, na alasiri akaikuta nzima msumarini. Kila waliporudi, kizingitini palikuwa na dagaa mmoja, maji yakimtoka. Bibiana alimfagia. Siku nyingine hakumfagia. Alimtazama tu.

Mwishowe alimwambia Mwanvua. Mwanvua hakubisha wala hakumwita mwendawazimu. Alijifunga mtandio, wakapanda gari pamoja na Chuma hadi Ilagala. Kigingi kilikuwa palepale. Bibiana alifunga kamba, na ule upande wa pili ukateleza mchangani wenyewe, ukaingia majini.

Yule bibi alikuwa akigeuza dagaa.

"Umeirudisha?"

"Nimeirudisha, bibi."

"Na ilichokishika?"

Bibiana hakuelewa. Mwanvua alielewa kidogo, akamshika mkono, wakaondoka haraka. Njia nzima Chuma alilala juu ya miguu yao, huru, akipumua vizuri. Usiku huo Bibiana alimpigia Wema simu wakacheka mno.

Alasiri iliyofuata Mwanvua alisikia cherehani ikinyamaza katikati ya mshono. Alichungulia. Bibiana alikuwa ameshatoka getini. Chuma alikuwa amelala mlangoni, masikio chini, hataki kuvuka.

"Mama Wema, unakwenda wapi?"

"Sijui," Bibiana alinong'ona. Mikono yake ilikuwa mitupu. "Nikienda huku, inalegea."

Mwanvua alimshika kiwiko amrudishe. Hakusogea. Hakuna aliyekuwa akimvuta. Alikuwa amesimama tu, shingo imenyooka, na ngozi ya shingo imebonyea pande zote.

Kisha akapiga hatua moja. Ngozi ikarudi. Akapiga nyingine.

Akasimama, akafungua kiganja.

Mwanvua anasema hadi leo hakuona dagaa yule ametoka wapi. Aliona maji yakidondoka vidoleni. Aliona vumbi limelowa mbele ya miguu ya Bibiana, mahali pasipo na mtu. Aliona rafiki yake anatafuna, anameza.

Halafu Bibiana akainua macho, juu kidogo, kama Chuma alivyokuwa akimtazama yeye. Akangoja sifa.