Cherehani cha Mama Purity

Kila alfajiri pale kijijini Kakuyuni, Kadii alisali, akafagia uwanja, kisha akamtilia mamake uzi kwenye sindano ya cherehani, kwa kuwa macho ya mamake huyo, Kahonzi, yalikuwa yameanza kuchoka. Lakini mwezi mmoja gurudumu la cherehani lilivunjika. Mama akawa anashona sare za shule kwa mkono, vidole vimejaa alama za sindano, na wazazi wakaanza kupeleka vitambaa vyao Malindi.

Mama hakuzoea kuomba. Alisali siku tatu ndipo akapiga simu kwa kikundi cha akina mama wa mjini kinachosaidia mafundi. Akaambiwa kwamba Bi Hafswa wa kikundi hicho angekuja Jumamosi kuiona kazi yake.

Jumamosi, mama alipokwenda kisimani, Kadii aliitazama meza yao akaona haya. Kwao mgeni akija, hata vikombe huazimwa kwa jirani. Basi akamkimbilia jirani yao, Mama Purity, akaazima cherehani chake kizima, akakibeba pamoja na Purity mpaka mezani. Kile kibovu akakisukuma pembeni na kukifunika leso.

Bi Hafswa alifika kabla mama hajarudi. Kadii akamwamkia, akampa kiti na maji. Mgeni akalizungusha gurudumu, nalo likateleza bila kelele.

"Mashallah, mwanangu, hiki hakina ila," alisema, akifunga daftari lake. "Tulicho nacho ni kidogo. Wacha nikampe asiye na cherehani."

Akajitanda mtandio, akainuka. Kadii akawaza haraka. Akisema, atamwaibisha mama. Akinyamaza, mama ataendelea kujichoma vidole.

"Bi Hafswa, hiki si chetu," akasema, akaivuta ile leso. "Nimekiazima ili usituone maskini."

Mama alikuwa mlangoni, ndoo kichwani, amesikia yote. Kadii akainama akingoja kukemewa. Mama akatua ndoo, akamshika bega, akamwomba mgeni radhi.

Bi Hafswa akacheka taratibu. "Hata mimi, vikombe ninavyowapa wageni ni vya dadangu," akasema, akalifungua tena daftari.

Juma lililofuata gurudumu jipya lilifika. Kadii alipokwisha kutia uzi, mama alimvuta karibu.

"Mwanangu, kumwazimia mgeni kikombe ni heshima. Lakini anayekuja kutusaidia, tumwonyeshe palipovunjika. Mungu mwenyewe hupaona kila siku, na hajatuacha."

Kisha akaanza kushona.