Viatu vya Barafu vya Odette

Hakuna penzi linalochipuka kwenye mtaa wetu wa maduka hapa Loon Narrows nisilolinusa kabla ya wenyewe. Haya, hili nilikuwa wa mwisho kulinusa. Hata paka wa duka la dawa alinitangulia.

Odette, fundi cherehani, alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa duka lake, anasugua viatu vya kutelezea barafuni kwenye ngazi ya saruji. Krrr! Krrr! Vyuma vya chini vilivyokuwa vikali kama wembe, anaviua makali makusudi! Ng'ambo ya barabara yuko Marcel, mnoa viatu hivyo. Vikiwa butu, Odette ana sababu ya kwenda kumwona.

Simu ya Odette ikaingia ujumbe. Raija wa duka la maua:

"Shoga, umesikia? Marcel anahamia Calgary kwa kaka yake! Kaniambia mwenyewe! Anatoa jibu leo mchana!"

Odette akavibeba viatu, akavuka barabara bila koti, baridi ya kung'oa masikio, theluji ikimwingia kwenye ndara.

"Odette! Butu tena?"

"Butu kabisa. Nateleza sana siku hizi."

"Mbona nilivinoa Jumanne?"

"Si ndiyo ujue ninavyoteleza!"

Marcel akapitisha kidole gumba kwenye chuma.

"Unatelezea wapi? Uwanja wa ndani si umefungwa, wanatengeneza paa?"

"Ziwani. Leo alfajiri. Barafu tamu, Marcel, kama kioo!"

Marcel akaweka kiatu kaunta, taratibu.

"Odette, mwaka huu anayetoboa barafu ya ziwa na kupima unene wake ni nani?"

"Wewe."

"Na leo alfajiri nimeacha bendera gani pale?"

"Nyekundu."

"Yaani bado haibebi mtu. Kwa hiyo uliteleza juu ya maji, kama bata?"

"Haya, nimedanganya!" Odette akalipuka. "Sijui kuteleza! Viatu vyenyewe vya dada yangu, hata havinienei! Navisugua kwenye saruji nipate kuja kukuona. Sasa ukienda Calgary nije kwa nani? Usiende, Marcel!"

Mashine ya kunolea ikabaki inavuma peke yake. Masikio ya Marcel yakawa mekundu kuliko bendera.

"Muda wote huo! Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Kila nikija unanihubiria habari za vyuma!"

"Nilikuwa naogopa, mwenzio."

"Unaogopa nini, mwanamume mzima?"

"Hivyo hivyo unavyoniangalia."

Odette akacheka huku machozi yanamtoka. Marcel akavuta pumzi, akatanua kifua kama anayepigwa picha.

"Basi sikiliza. Kwa ajili yako naitupa Calgary. Kazi nono, nyumba kubwa, kaka yangu ananibembeleza… vyote naviacha!"

"Vyote?"

"Vyote!"

Odette akamrukia shingoni. Mabusu hayo! Kopo la misumari likaanguka, hakuna aliyegeuka.

Simu ya kaunta ikalia, jina la Luc kwenye kioo. Marcel, mikono yote imekumbatia, akabonyeza spika kwa kiwiko, akawahi kusema kabla ya mwenzake:

"Luc, kaka yangu, nisamehe. Siji tena."

"Huji wapi?" sauti ikanguruma duka zima. "Una wazimu? Mama kanipigia analia, eti Raija kampa pongezi kwamba unahamia kwangu! Kazi gani nikupe, na mimi mwenyewe nimeachishwa? Tena nani alikualika?"

Odette akamwachia shingo. Akarudi nyuma, akashika kiuno.

"Marcel. Raija alizitoa wapi habari hizi?"

"Aa… mtandao huu, mpenzi." Marcel akaitikisa simu kwa nguvu. "Mbovu siku hizi. Unachanganya maneno ya watu."

"Mbovu wapi?" Luc akadakia. "Mimi nakusikia vizuri kabisa, mwongo wewe!"