Zamu ya Mahin

Siku ile ilianza vizuri tu. Tuba alioka mkate, akamnyonyesha Mahin, bintiye wa miezi saba. Mumewe Heydar akapakia matikiti kwenye pikapu, akashika njia ya kwenda Yazd sokoni. Kabla jua halijapanda sana, umeme ukakatika na feni ikasimama. Nyumba zetu za siku hizi ni za saruji, jamani. Bila umeme ni tanuri. Mahin alikuwa na homa tangu jana yake. Kufika adhuhuri hata kulia hawezi, ametepeta mikononi kama nguo iliyoloa.

"Mama, nampeleka nyumba ya zamani," Tuba akamwambia mama mkwe wake, Bibi Kokab. "Kile chumba cha chini kina ubaridi."

"Ubaridi wa wapi? Mnara wa kuteremsha upepo umezibwa, mfereji wa maji chini ya ardhi umekauka. Utakuta nge tu."

"Nitauzibua mnara."

"Thubutu! We mtoto we, unadhani mnara ule ulizibwa kwa sababu ya vumbi?"

Kikongwe akateremsha sauti. Mwaka alioolewa, mafundi wawili waliingia kuchimbua mfereji chini ya nyumba ile, wamevaa nyeupe kama wachimbaji wote, ili wakifukiwa wawe na sanda tayari. Udongo ukaporomoka. Sauti zao zikawa zinapandia kwenye tundu la kisima kinachoshuka hadi mfereji, mle chumba cha chini.

"Walikuwa wanasema nini?"

"Hewa. Wanaomba hewa tu, mwanangu. Baba mkwe wangu, Haji, akakataza mtu asiteremke. Wake zao walilia mlangoni mpaka wakapoteza sauti. Na upepo ukawa unamletea zile sauti mpaka sebuleni, basi akaamuru mnara uzibwe."

Tuba akamtazama mtoto. "Mama, hao wameshakufa. Huyu bado."

Akaenda. Mtaa wa zamani hauna mtu, mapaa yameanguka, lakini mnara wa Haji umesimama vilevile. Akapanda, akayabomoa kwa nyundo matofali yaliyoziba midomo yake, upande wa upepo na upande wa pili, akashuka chini na mwanawe. Alaa! Wazee wetu walijua kujenga. Mdomo mmoja unameza upepo na kuuteremsha, mwingine unavuta hewa ya mfereji ipande kupitia kisima. Akamlaza Mahin kando ya tundu, pale pale mama wa zamani walipowalaza wanao. Hewa iliyopanda ilikuwa baridi, inanukia udongo mbichi. Mwili wa mtoto ukaanza kupoa. Tuba akalia kwa furaha, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha akasikia.

Mahin alivuta pumzi. Akatulia. Kule chini ya kisima, mtu akavuta pumzi. Halafu mtu wa pili. Ndipo Mahin akavuta tena.

Walikuwa wanapokezana.

Tuba akamnyakua mtoto, akakimbia. Alipotoka tu juani, kifua cha Mahin kikasimama. Midomo ikawa ya bluu. Akamtikisa. Akamwita. Akarudi ndani mbio. Pumzi moja chini. Ya pili. Kisha Mahin.

"Niachieni mwanangu," akanong'ona kisimani.

"Kidogo tu, dada," ikajibu sauti, kwa upole kabisa. "Kidogo tu."

Basi akakaa. Angefanya nini? Akampakata mwanawe, akawa anaingoja kila zamu yake, na kila zamu ilichelewa kuliko iliyotangulia.

Alasiri Heydar akafika. Mama yake alikuwa amemweleza habari za mnara na wale mafundi, naye hakuamini hata neno.

"Tuba! Umechanganyikiwa? Mtoto mgonjwa unamficha shimoni? Lete tumpeleke hospitali!"

"Usimtoe. Heydar, nakuomba, usimtoe!"

Akampokonya, akatoka naye mbio hadi kwenye pikapu. Mahin hakuvuta pumzi tena. Tulimzika kabla ya magharibi.

Heydar aliuziba mnara kwa mikono yake, anapiga chokaa huku anatukana. Siku ya tatu akamkuta mkewe mle chumba cha chini, amelala kifudifudi, sikio kwenye tundu.

"Lala usikilize," Tuba akasema.

Akalala, labda kwa kumridhisha tu. Pumzi moja. Ya pili. Halafu ya tatu, fupi, inakwama kwama. Heydar akaitambua. Mzazi haachi kuitambua.

"Hewa haimtoshi," Tuba akanong'ona. "Mfungulie."

Akapanda na nyundo, machozi yanamtiririka. Hakuitumia. Katikati ya ukuta wake mpya tofali moja lilikuwa limeshatoka, limewekwa pembeni vizuri, limelowa. Akaingiza uso kwenye lile tundu. Ndani mle kitu kikavuta hewa, polepole, mara mbili, kisha mara ya tatu kidogo sana.

Heydar akaweka mdomo, akampulizia mwanawe.

Asubuhi yake tulimteremsha Heydar kutoka mnarani, amekufa. Mdomo wake ulijaa tope, bichi, la baridi. Mfereji ule ulikauka kabla yeye hajazaliwa.