Lenzi Iliyomwona Noella

"Usikanyage! Dada, tafazali, usikanyage hapo!"

Noella alisimama mguu mmoja hewani, ndoo ya maji mkononi. Barabara ya Kimanga ilikuwa imefurika asubuhi hiyo, pikipiki zikipiga honi, wauza ndagala wakiitana. Mbele ya cherehani yake alikuwa amepiga magoti kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa vizuri, akipekua vumbi kwa vidole.

"Umepoteza nini, kaka? Meno?"

"Vis. Kavis kadogo ka objectif yangu." Alimwonyesha lenzi ya kamera. "Ni ya bei ya chini, ya kuzungusha na mukono. Inje inang'aa, ndani vis zote zinalegea."

Noella alichukua sumaku anayookotea pini, akaipitisha vumbini. Ikaja pini, ukaja msumari uliopinda, kisha ikaja skrubu ndogo kama punje ya ulezi.

"Njo hii?"

"Njo hiyo! Mungu akubariki. Minye ni Merdi."

"Minye Noella. Na hiyo objectif yako ingekuwa nguo, ningesema fundi alisahau kufunga nyuzi."

Merdi alicheka mpaka akakaa kwenye benchi ya wateja. Aliondoka na namba ya simu ya Noella, akidai ana suruali ya kupunguza. Suruali hiyo haijaonekana mpaka leo.

Badala yake zikaja simu. "Umekula, mupenzi?" "Mupenzi wa nani?" "Basi, fundi wangu, umekula?" Noella alikuwa akijibu kwa ukali wa uongo, na akikata simu anatabasamu peke yake. Kwa hiyo Jolie, mtoto wa mama yake mkubwa, alipotafuta mpiga picha wa dot yake, sherehe ya kutolewa mahari, Noella ndiye aliyemtaja Merdi.

Dot ilifanyika Luberizi, jua likiwaka juu ya mashamba ya mpunga. Familia mbili zilikaa zikitazamana, wasemaji wakirushiana maneno matamu juu ya ng'ombe. Noella alivaa kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, mikono imefurishwa mabegani, akahudumia wageni mchana kutwa. Merdi alizunguka na kamera yake, akiwainamia wazee waliokaa vitini, mgongo umelowa jasho.

Picha zilipofika kwenye simu ya Jolie, aliangua kicheko.

"Tazameni! Baba mukwe iko kama moshi. Mama, moshi. Minye mwenyewe bibi-arusi, moshi! Lakini huku nyuma, Noella na sinia. Noella na kreti ya Fanta. Noella anapanguza jasho. Wazi kabisa!"

Aibu ilimpata Noella, maana mpiga picha alikuwa wake. Lakini chini ya aibu ile palikuwa na furaha ambayo hakuweza kuizuia. Kumbe alikuwa ananitazama mimi.

Mama mkubwa Félicité hakucheka. Alimpigia Merdi simu palepale, wajomba wamekaa, haut-parleur ya simu imefunguliwa ili wote wasikie.

"Merdi, weye mutoto, ulikuja kupiga dot ama kupiga binti yetu?"

"Mama, munisamehe sana. Ni objectif. Bague yake, ile pete ya kuzungusha, imelegea, na joto la Luberizi linayeyusha graisse, mafuta ya ndani. Nikiinamisha kamera juu ya bazee, inateleza yenyewe, inalenga mbali. Na mu jua lile, ku écran ya kamera sikuona kitu. Noella sikumutazama hata kidogo, mama. Ni objectif tu."

Wajomba waliguna, wakaridhika. Vitu vya bei rahisi kila mtu anavijua. Noella alitoka nje, akajifanya anaanua nguo. Hata kidogo! Neno hilo lilimchoma. Alikuwa amejijengea nyumba nzima juu ya skrubu iliyolegea.

Tangu siku hiyo hakupokea simu zake. Merdi akaandika: "Mupenzi, juu ya nini umekasirika?" Akajibiwa: "Uliza objectif." Siku zikapita, Noella akishona mikono ya magauni ndani nje na kuifumua tena, na kila pikipiki iliyosimama nje ilimfanya ainue kichwa.

Kisha Jolie akaja kupima gauni la harusi, akaacha simu yake mezani. Noella alizifungua zile picha, kama mtu anayebonyeza kidonda. Hapa yuko jikoni. Hapa yuko langoni. Hapa yuko bombani nyuma ya migomba, peke yake, anachota maji, hakuna mzee wala kiti mbele yake. Alirudi mwanzo, akazipitia zote tena, polepole. Siku ile hakukaa mahali pamoja hata dakika. Lenzi inaweza kuteleza, sawa. Lakini nani aliyekuwa anaigeuza?

Alimpigia. Merdi alifika kabla Jolie hajamaliza kuvua gauni.

"Eleza hii ya bombani," Noella alisema, akimnyooshea simu. "Objectif yako iko na miguu?"

Merdi aliitazama picha, akafuta uso kwa kiganja. "Apana. Hiyo ni minye. Nilizituma zote bila kuchagua, njo kosa langu. Bazee nimewapiga picha upya jana, na objectif ya rafiki."

"Sikuulizi juu ya bazee. Kwa nini ulisema hata kidogo?"

"Ningesema nini, Noella? Haut-parleur imefunguliwa, bajomba bako bananisikiliza, na ku kwetu hakuna muntu aliyetumwa kuja kukuomba. Niseme natazama binti yao siku nzima? Wangesema weye ndiye ulinizoesha kukutazama. Nikaona afazali waseme objectif ni mubovu kuliko waseme binti ni mubovu."

Nyuma ya pazia Jolie aliacha kuvua gauni ili asikie vizuri.

"Ungeniambia minye."

"Simu unapokea?"

Noella aliirudisha simu ya Jolie mezani. Hasira ilikuwa imekwisha, na hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Nakupenda," Merdi alisema. "Hiyo nayo ni minye. Siku ya Mungu natuma baba mudogo na tantine, shangazi yangu, baende Luberizi kwa mama mukubwa kukuomba. Ukikubali."

Noella aliinamia cherehani kuficha uso, akatia uzi kwenye sindano iliyokuwa tayari na uzi.

"Baende," alisema. "Lakini bakiulizwa nini imebaleta, basiseme ni objectif."