Lomeri Ana Mwenyewe

Kila asubuhi saa moja na nusu Akolong alimpigia simu dalali wa soko la mifugo, akaandika bei za mbuzi, kondoo na ngamia kwenye karatasi, kisha akampa mtangazaji Dabasso azisome hewani. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema neno redioni. Chuoni alisomea utangazaji, lakini maikrofoni ilimtisha. Akaomba kazi ya mitambo, nyuma ya kioo, na hapo alistarehe.

Asubuhi hiyo alikuwa amefika kwa kondoo Dabasso alipompungia mkono kutoka studio.

"Abo, Akolong! Wacha hiyo kondoo kwanza. Vijana wa Vumbi Kali wametoa wimbo wao wa kwanza. Roki ya Isiolo, unaamini? Sikia!"

Gitaa likanguruma, ngoma zikafuata kwa kishindo. Kisha ikaingia sauti ya Ekitela, kijana aliyekuwa mpenzi wa siri wa Akolong kwa miaka miwili.

"Lomeri-ee! Lomeri wangu, mji mzima unakuona..."

Dalali alikuwa bado anaongea kwenye simu. Akolong akaikata.

Lomeri alikuwa maksai wa baba yake. Mwanamume wa Kiturkana huwa na maksai wake mmoja wa moyoni. Humtungia wimbo, na wimbo huo ni wake kama jina lake lilivyo lake. Mtu mwingine haugusi bila ruhusa. Baba huyo, Mzee Ekeno, aliuimba wimbo wa Lomeri tangu ujana wake mpaka mwaka ule alipompeleka Lomeri sokoni ili binti yake aende chuo. Alirudi nyumbani na kamba mkononi, na hakuimba tena mpaka alipokufa.

Akolong aliuimba mara moja tu, mchana mmoja kando ya mto, kichwa cha Ekitela kikiwa mapajani mwake.

"Niache niurekodi kwa simu," Ekitela alimwambia siku hiyo. "Nikikukosa, nitausikiliza."

Wimbo ukaisha. Dabasso akaegemea maikrofoni.

"Haya! Ekitela anasema huu ni wimbo wa babu yake, na Lomeri alikuwa ng'ombe ya babu yake. Wataupiga Jumamosi kwa tamasha la kaunti. Halafu anautuma kwa mpenzi wake, anaitwa..." Akasoma kwenye simu. "Sarah! Sarah, popote ulipo, umependwa kwa gitaa!"

Akolong alikaa. Alisoma bei za kondoo alizoandika, akazisoma tena, hazikuingia. Kisha akaandika ujumbe.

"Ekitela, Sarah ni nani?"

"Ni manager wetu. Ni mambo ya biashara tu, usianze."

"Na wimbo wa baba yangu?"

Alingoja. Majibu yalikuja baada ya muda mrefu.

"Manze, wimbo ni wimbo. Hiyo ng'ombe si ilishakuwa nyama kitambo?"

Akolong aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama kwenye korido. Kwa kawaida angelia. Machozi hayakuja, na badala yake moyo wake ukatulia kwa namna iliyomtisha. Alimtaka Ekitela aaibike mahali ambapo hatakuwa na pa kujificha.

Simu ikaita. Ilikuwa ni mama yake, kutoka Ngaremara.

"Ejoka, mama," Akolong akasalimu kwa sauti ndogo.

"Wacha ejoka. Nimepita duka la Istar, nasikia redio inaita Lomeri. Nikadhani nimekuwa mwendawazimu. Nani alimpa huyo mtu ng'ombe ya mume wangu?"

Akolong akafunga macho.

"Ni mimi, mama. Nilimwimbia."

Kuku walisikika upande wa pili.

"Ulimwimbia wote?"

"Hapana. Nilipofika pale wimbo unasema pembe, nilianza kulia. Sikumaliza."

"Baba yako aliuza huyo ng'ombe akakuweka shule," mama akasema. Sauti yake haikupanda. "Hakuna kitu ingine alibakisha. Ulipeana wewe, utarudisha wewe."

"Nitaurudisha, mama. Kesho saa nne anakuja kuhojiwa hapa studio. Uwe karibu na simu."

Siku iliyofuata Vumbi Kali walikuja studio. Ekitela alikuwa amevaa koti jeusi la ngozi, na jasho lilikuwa tayari limemtoka shingoni. Nyuma yake alikuwa mpiga gitaa Mungania, kijana mpole wa Kimeru, na Sarah mwenyewe, mkono wake ndani ya mkono wa Ekitela. Walipita karibu na meza ya Akolong.

"Huyu ni nani?" Sarah akauliza.

"Ni wa mitambo tu," Ekitela akajibu bila kugeuka.

Akolong akawavalisha vipokea sauti mmoja mmoja, akarudi nyuma ya kioo.

"Dabasso," akaita. "Leo tufungue simu."

"Kwa muziki? Huwa hatufungui."

"Wasikilizaji wanataka kumsalimia."

"Wewe leo umeamka na maneno!" Dabasso akacheka. "Haya, fungua."

Mahojiano yakaanza vizuri. Ekitela alisimulia alivyomsikia babu yake akiimba jioni zizini, alivyochunga Lomeri akiwa mdogo, alivyoamua kuwapa vijana wa leo urithi wao kwa gitaa la umeme. Sarah alikuwa akimpiga picha.

"Tuna simu moja," Dabasso akasema. "Habari, mama! Uko hewani."

"Habari. Naomba kuuliza huyo kijana."

"Uliza, mama, uko huru."

"Umesema ulichunga Lomeri."

"Ndiyo, mama yangu," Ekitela akajibu kwa tabasamu. "Nilichunga sana."

"Alikuwa rangi gani?"

"Alikuwa... alikuwa na madoadoa."

"Sawa. Pembe ya kushoto iliangalia wapi?"

Ekitela akacheka kidogo. "Mama, pembe ni pembe. Iliangalia juu."

"Juu?"

"Juu, kama za ng'ombe wote."

"Kijana, mwenye Lomeri aliipinda hiyo pembe kwa jiwe Lomeri akiwa ndama. Ilishuka mpaka karibu na jicho. Wimbo wenyewe unasema. Hebu imba hapo pembe inashuka."

Redio nzima ikanyamaza. Ni kimya ambacho kwa kawaida Akolong angekijaza haraka kwa muziki, kidole kikiwa tayari. Safari hii aliiweka mikono mapajani. Alikiacha kimya kiende Ngaremara, kiende mjini, kiingie kila duka lenye redio.

"Imba basi," mama akasema. "Tunangoja."

"Mimi... hiyo sehemu hatukuirekodi."

"Hukuirekodi kwa sababu binti yangu alikuwa analia. Mwenye Lomeri anaitwa Ekeno. Alikuwa mume wangu. Kama unabisha, muulize huyo amekaa nyuma ya kioo."

Watu wote studio wakageuka. Akolong alimtazama Ekitela machoni, akatikisa kichwa polepole kukubali.

Mungania akavua vipokea sauti.

"Si ulituapia ni wa babu yako?" akauliza, na maikrofoni ikainasa sauti yake. "Mimi sipandi jukwaa Jumamosi na kitu ya wizi. Mama, utusamehe. Tutauondoa leo."

"Wewe nimekusikia, mwanangu," mama akasema. Akakata simu.

"Na alikuwa analia kwa nini mbele yako?" Sarah akamuuliza Ekitela. "Huyo wa mitambo tu?"

Hakungoja jibu. Mlango ulijibamiza nyuma yake.

Saa sita Akolong alipotoka, Ekitela alikuwa getini. Koti alikuwa amelivua. Vijana wa boda boda upande wa pili wa barabara walikuwa tayari wanamwita, "Chunga pembe, bro!"

"Umefurahi?" akauliza.

"Ndiyo," Akolong akasema. Ilikuwa kweli.

"Umenimaliza. Mungania amevunja bendi. Sarah hashiki simu. Mji mzima unanicheka! Si ungeniambia pembeni? Miaka miwili hujawahi kunipigia kelele hata siku moja, kumbe ulikuwa unaniwekea kinyongo! Ulikuwa unataka nini kwangu, Akolong? Sema basi. Huwa husemi kitu!"

Usiku kucha Akolong alikuwa ametunga matusi. Sasa alipoyatafuta hakuyakuta. Furaha ya kisasi ilikuwa pale bado, lakini chini yake kulikuwa na kitu kilichouma zaidi.

"Nilitaka uniulize," akasema.

"Nini?"

"Uniulize tu. Uje uniambie, Akolong, naupenda huu wimbo, naomba. Ningekupeleka kwa mama mwenyewe. Ningekufundisha hapo kwa pembe hata kama ningelia. Nilikuwa tayari kukupa wimbo, na kuolewa na wewe, na watoto wetu wauimbe. Nilikuwa nimekupenda hivyo."

Ekitela akasogea hatua moja.

"Na nikikuuliza leo?"

Akolong hakurudi nyuma, wala hakushusha sauti. Vijana wa boda boda walinyamaza wamsikie.

"Leo umeuliza, na leo nakujibu: hapana. Sikutaki, Ekitela."